Watu Wakitoka, Wewe Baki

Kanisani Messina, kisiwani Sicily, harusi imevunjika mbele ya padri. Bwana harusi Claudio, kijana wa Florence aliyetoka vitani na sifa tele, amemrudishia mzee wa watu binti yake mbele ya waalikwa, kama mteja anayerudisha chungwa bovu sokoni. Anadai jana usiku amemwona dirishani akiongea na mwanamume. Hero, bibi harusi, ameanguka na kuzimia. Claudio anatoka. Don Pedro, mtawala wa Aragon, anatoka naye. Don John, ndugu wa Don Pedro aliyezaliwa nje ya ndoa, na ndiye aliyepika uongo wote huu, anatoka pia, tena kwa uso wa mtu aliyesikitika.

Hapo mwigizaji anayemcheza Benedick ana kazi ngumu ya miguu. Claudio na Don Pedro ndio rafiki zake. Amepigana nao bega kwa bega, amekuja Messina nao, jana tu walikuwa wakitaniana. Aliyelala sakafuni hana undugu naye. Mlango uko wazi, rafiki wanapita. Benedick habanduki. Anauliza hali ya bibi harusi.

Ndugu msomaji, ombi langu lote la leo limo katika miguu ile. Siku jina la mtu litakapotupwa chini mbele ya kadamnasi, na wenzako wakaondoka wakitikisa vichwa, naomba wewe ubaki. Sikuombi umtetee papo hapo, wala sikuombi uwe na ushahidi mkononi. Benedick hakuwa nao. Alibaki, akauliza, akasikiliza. Na kabla sijakuomba zaidi, nikiri kwamba siku yangu ilipofika mimi nilitoka na waliotoka. Nitafika huko.

Mchezo wenyewe ni wa William Shakespeare, Much Ado About Nothing, ulioandikwa karibu 1598 au 1599 na kupigwa chapa London mwaka 1600. Kwa Kiswahili mimi huuita Zogo Pasipo Jambo. Jina la Kiingereza lina utani ambao sikio la leo halilipati vizuri: wakati ule neno lao la kusema hakuna kitu lilikaribiana kimatamshi na neno la kuangalia kwa makini, kudaka habari, kutega sikio. Zogo la bure, basi, ni zogo la kutega masikio pia. Na kweli humo ndani kila mtu ama kajificha nyuma ya kichaka, ama kavaa kinyago, ama kasimama gizani anasikiliza yasiyomhusu. Sisi tuliomjua Shakespeare kupitia kwa Mwalimu Nyerere, aliyemtafsiri Kaizari mwaka 1963 na Mabepari wa Venisi 1969, tulizoea majambia na ratili ya nyama. Shakespeare wa vichekesho tumemsogelea baadaye. Mwaka 2012 waigizaji wa Kenya walipanda jukwaa la Globe mjini London na Wanawake wa Heri wa Windsa, wakawachekesha watu kwa Kiswahili.

Zogo linaanza kwa mshenga. Claudio amempenda Hero lakini hana ulimi wa kujieleza. Kabla hajafika mbali kwenye habari za mapenzi amekwisha kuuliza kama Leonato, baba wa binti na gavana wa mji, ana mtoto wa kiume. Hesabu ya urithi kwanza. Don Pedro anajitolea: usiku wa ngoma ya vinyago atajifanya Claudio, azungumze na msichana, kisha apeleke posa kwa baba. Sisi tunaowajua washenga tunajua hatari inapokaa. Don John anamfuata Claudio katikati ya ngoma, anajifanya amemdhania kuwa Benedick, na kumnong'oneza kwamba mshenga anajiposea mwenyewe. Claudio anaamini hapo hapo. Mshenga yuko hatua chache kutoka alipo, hamuulizi. Msichana yuko pale pale, hamuulizi. Ananuna na kujitenga.

Haupiti muda uongo ule unafumuka. Posa imekubaliwa, Hero ni wake, watu wanacheka na kupongezana. Na katika kicheko kile hakuna hata mmoja anayeuliza: habari ile ya uongo ililetwa na nani? Mimi kila nikifika hapa hutamani kupanda jukwaani niwashike mashati. Kama mtu mmoja tu angeuliza swali lile usiku ule, mchezo ungeishia pale na wote wangelala salama.

Halafu inakuja bustani, na hapa ndipo penye utamu. Benedick ameapa haoi. Beatrice, binamu yake Hero, mwenye ulimi wa pilipili, ameapa haolewi. Wakikutana ni kurushiana maneno tu. Don Pedro, Claudio na Leonato wanafanya njama: wanaingia bustanini wakijua Benedick amejibanza humo, wanaanza kuzungumza kwa sauti ya kusikika kwamba Beatrice anamfia Benedick, halali, analia, lakini hathubutu kusema kwa sababu jamaa ni mtu wa kejeli na atamgeuza kichekesho cha mji. Baadaye Hero na Ursula, mmoja wa wanawake wanaomhudumia, wanamtegea Beatrice mtego huo huo: Benedick yu hoi kwa mapenzi, lakini nani atamwambia Beatrice, mwanamke mwenye majivuno asiyemwona mwanamume yeyote kuwa mtu?

Huu nao ni uongo, tena wa kupangwa. Nalisema waziwazi kwa sababu ni rahisi mno kugawa mchezo huu pande mbili, wakweli huku na waongo kule. Waongo wamejaa pande zote. Claudio anayedanganywa ndiye huyo huyo anayedanganya bustanini. Angalia basi mtu anafanya nini na alichokisikia. Benedick na Beatrice wamesikia mambo mawili kwa pamoja: kwamba wanapendwa, na kwamba wana kasoro. Hakuna anayetoka mbio kwenda kumtafuta aliyemsema. Kila mmoja anabaki peke yake jukwaani, anajitazama, na kukubali kwamba lile la kiburi lina ukweli wake. Beatrice, bingwa wa maneno, anapobaki peke yake anasema machache kuliko wakati wowote, kisha anaamua kuiacha dharau. Uvumi umemgusa mtu, na mtu amejirekebisha.

Na mbegu ile haikuangukia mwambani. Beatrice amekwisha kudokeza mapema kwamba zamani Benedick aliwahi kumchezea moyo. Moto ulikuwepo chini ya majivu, rafiki walipuliza tu. Ndiyo maana wawili hawa wamependwa hivi kwa miaka zaidi ya 400. Mfalme Charles wa Kwanza wa Uingereza, katika nakala yake ya toleo la 1632, alichukua kalamu akaandika majina ya Benedick na Beatrice kando ya jina la mchezo, kama vile jina lenyewe halikutosha. Jina la Hero hakuliandika. Mfalme alichagua raha, na simlaumu, lakini leo namwombea Hero nafasi ukingoni mwa ukurasa.

Maana uongo wa pili wa Don John ni wa kuua. Mtu wake, Borachio, ana urafiki na Margaret, mmoja wa wanawake wa nyumba ya Hero. Anapanga usiku wa kuamkia harusi Margaret asimame dirishani kwa Hero amevaa nguo za Hero, na Borachio amwite kwa jina la Hero, huku Don John akiwa amewaweka Claudio na Don Pedro gizani waone. Sasa sikiliza jambo ambalo wengi hulipita: Shakespeare hakutuonyesha dirisha lile. Hakuna onyesho lake. Tunasikia tu likisimuliwa, kabla na baada. Kenneth Branagh katika filamu yake ya 1993 aliliweka mbele ya macho yetu, na naona alitupunja. Kwenye maandishi sisi watazamaji tumewekwa mahali pa watu wa Messina, na tulicho nacho mkononi ni maneno ya mtu juu ya kitu ambacho hatukukiona.

Na kuna baya zaidi. Kabla hajaenda dirishani, kabla hajaona kivuli wala kusikia sauti, Claudio amekwisha kutamka adhabu: akiona lolote, atamwaibisha Hero kanisani, mbele ya watu wale wale waliokuja kumwona akiolewa. Hukumu imetangulia macho. Alipofika gizani hakwenda kuangalia. Alikwenda kuthibitisha.

Sasa nije kwangu. Nilikuwa mweka hazina wa kamati ya harusi, mojawapo ya zile kamati zetu zenye watu wengi kuliko waalikwa wa harusi za Ulaya. Bibi harusi ni binti wa jirani wa ndugu yangu, simtaji. Wiki mbili kabla ya siku, usiku, picha ikaingia kwenye grupu: mwanamke kwa nyuma, kwenye kaunta ya baa, mkono wa mwanamume kiunoni. Uso hauonekani. Kinachoonekana ni gauni la kitenge cha njano chenye ndege wa buluu. Mtu akaandika, ni yeye, si mnaona sare? Ilikuwa sare ya kitchen party, kweli. Kitenge kile nilikilipia mimi mwenyewe Kariakoo. Jora zima. Wanawake zaidi ya thelathini walishona.

Nilijua hilo. Risiti ilikuwa ndani ya daftari langu. Lakini ujumbe ulikuwa unamiminika, wazee wanaandika masikitiko, kijana wa upande wa bwana harusi anaandika maneno makali, nami nikafanya mambo mawili. Nikawatumia watu wawili picha ile nikiwa nimeiwekea maneno ya kumwomba Mungu atusaidie, kana kwamba sala huosha umbea. Kisha nikajitoa kwenye grupu. Nilijiona muungwana sana kwa kutotia neno. Simu ikawaandikia wote, kwa herufi zile ndogo za kijivu, kwamba mweka hazina ametoka, na nikaja kujua baadaye kwamba kutoka kwangu ndiko kulikowathibitishia wengi. Walisema hata mweka hazina ameondoka, basi ni kweli.

Nikamkumbuka Leonato. Baba mzazi, mwenye mtoto mmoja tu duniani, hakuhitaji dirisha wala picha. Hoja yake ilikuwa fupi: je, watawala wawili wanaweza kusema uongo? Claudio aliyempenda hivi, na machozi yakimtoka, anaweza kusema uongo? Alihesabu vyeo na machozi, akapata jumla, akamwombea mwanawe kifo. Mama hayupo wa kumzuia. Katika chapa ya 1600 maelekezo ya jukwaa yanamtaja mke wa Leonato, Innogen, anaingia mara mbili wala hasemi neno, na wahariri wa baadaye wamemfuta kabisa. Binti anavunjiwa heshima bila mama, bila shangazi, bila somo. Yupo binamu tu.

Na binamu huyo anaponzwa na ukweli wake. Benedick anamuuliza: jana ulilala chumba kimoja na Hero? Beatrice angeweza kusema ndiyo. Anasema hapana, jana sikulala naye, ingawa mwaka mzima kabla ya jana nimelala naye kila usiku. Leonato anadaka ule usiku mmoja na kuuacha mwaka. Hapo amethibitisha! Ndugu msomaji, nakuomba uiangalie hesabu hiyo mara mbili. Usiku mmoja usio na shahidi umeuzidi mwaka wenye shahidi. Ndivyo tunavyohesabu kwenye simu kila siku: miaka ishirini tumemwona mtoto akikua, akienda madrasa au Sunday school, akibeba ndoo za maji, na picha moja ya mgongo inaifuta yote.

Anayeokoa jahazi ni Padri Francis, na silaha yake ni kwamba alikuwa amenyamaza. Wakati wengine wanapiga kelele yeye alikuwa anamtazama bibi harusi usoni, akaona damu inavyopanda na kushuka, akasadiki kwamba ule si uso wa mwenye hatia. Ndiye anayeshauri watangaze kwamba Hero amekufa, ili muda upatikane na mioyo ya watu ilegee. Benedick kwa upande wake haulizi ushahidi. Anamuuliza Beatrice, anayemjua Hero kuliko wote: ndani ya nafsi yako, unaamini kwamba Claudio amemdhulumu? Anaamini. Inatosha. Hapo awali Beatrice alipomtaka amuue Claudio, Benedick alikataa katakata. Sasa anakwenda kumkabili rafiki yake wa vita. Ukitaka kujua mapenzi ya kweli ya mchezo huu yanaanza wapi, mimi nitakuonyesha hapa, siyo bustanini.

Ombi langu la pili nalielekeza kwa wenye viti: wajumbe, wenyeviti wa mitaa, wazee wa kanisa, maimamu, wakuu wa shule, wazazi. Mpeni Dogberry nafasi ya kukaa.

Dogberry ndiye mkuu wa sungusungu wa Messina, nisameheni kwa tafsiri, lakini sipati neno linalomkaa vizuri zaidi. Anapenda maneno makubwa na kila neno kubwa analipachika pasipo pake. Sote tumemsikia mkutanoni. Maagizo yake kwa walinzi wa usiku ni kichekesho kitupu: mkimwambia mtu asimame akakataa, mwacheni aende, mshukuru Mungu mmeepukana na mhuni, kulala lindoni si kosa mradi silaha zisiibwe. Nafasi hii ilichezwa na Will Kemp, mchekeshaji mashuhuri wa kundi la Shakespeare, na tunajua hivyo kwa sababu katika chapa ya 1600 jina la Kemp limeponyoka likachapwa mahali pa jina la Dogberry.

Lakini ni walinzi hawa hawa, usiku ule ule, waliokuwa wamejibanza kwenye kibaraza kukwepa manyunyu wakamsikia Borachio akimsimulia mwenzake jinsi alivyolipwa na Don John. Wakawakamata. Kesho yake asubuhi, kabla ya harusi, Dogberry na msaidizi wake Verges wanabisha kwa Leonato wakiwa na ukweli wote mfukoni. Wanauzungukazunguka kwa adabu nyingi. Leonato, mwenye haraka ya kwenda kanisani, anawaambia kwa upole wa wakubwa kwamba wanachosha. Dogberry anadhani amesifiwa. Anamjibu kwamba lau angekuwa nako kuchosha kwa kifalme, kote angemkabidhi mheshimiwa. Leonato anamwambia awahoji wale watu yeye mwenyewe, awakaribishe mvinyo, na huyoo anakwenda kumwona mwanawe akiangamizwa. Ukweli ulisimama mlangoni na kofia mkononi, ukaambiwa unywe mvinyo.

Nasisitiza hapa kwa sababu wanaoleta habari za kweli mitaani kwetu mara nyingi ndivyo walivyo. Ni mlinzi wa usiku, ni dada wa kazi, ni mtoto wa miaka tisa, ni bibi anayeanza habari ya jana kwa kusimulia mafuriko ya zamani. Mwongo huja amejipanga, ana maneno machache, ana picha. Don John ni mtu wa maneno machache.

Wala nisiwafanye sungusungu malaika. Katika mazungumzo yale ya usiku, Borachio anasema kwamba mitindo ya mavazi ni mwizi kombo, maana hupinda watu. Mlinzi mmoja anasikia vibaya na kusema: huyo Kombo namjua, ni mwizi wa miaka saba, anatembea kama bwana mkubwa. Jina la kwenye maandishi ni jingine, lakini Kiswahili kimetupa Kombo na mimi siwezi kuiacha zawadi hiyo. Kufikia mwisho wa mchezo, Dogberry anamweleza gavana kwamba Kombo anavaa ufunguo sikioni wenye kufuli linaloning'inia, na ana tabia ya kukopa pesa kwa jina la Mungu bila kulipa. Mtu ambaye hakuwahi kuzaliwa tayari ana herini na madeni! Katika kundi lile lile lililookoa ukweli, uvumi ulizaa mtu. Hakuna aliye salama na jambo hili, na ninapokuomba ubaki sikuombi kwa kudhani wewe ni mbaya kuliko mimi au Dogberry.

Aliyemaliza kazi ni karani. Wakati Dogberry anahangaika na maneno yake makubwa, karani anawauliza walinzi swali moja moja: mlisikia nini? Akasema nini tena? Anaandika, anafunga karatasi, anaipeleka mwenyewe kwa Leonato. Ukiwa na tabia ya karani kwenye grupu lenu la familia, itumie. Nani alipiga picha hii? Lini? Alikutumia nani? Wenye WhatsApp waliweka kizingiti Januari 2019 ujumbe usisambazwe kwa zaidi ya mazungumzo matano kwa mkupuo, na 2020 wakabana zaidi ule uliokwisha kupita mikononi mwa wengi. Tanzania ina Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, Kenya wana yao ya 2018. Vizuri. Lakini hakuna kizingiti wala kifungu kinachouliza alikutumia nani haraka kama binamu anayeuliza saa tatu usiku.

Ombi la mwisho ni kwa sisi tuliokwisha kukosea. Ukweli ulipojulikana, Leonato alimtaka Claudio kwanza awaambie watu wa Messina kwamba Hero alikufa bila hatia, kisha aende usiku kaburini akatundike na kuimba maneno ya kumsifu. Claudio akaenda na mienge na waimbaji. Uswahilini kwetu tuna desturi ya kusuta: mtu aliyesema anakabiliwa kwa alilolisema, mbele ya aliyeambiwa, hadharani, wakati mwingine na matarumbeta. Nasikia watu wakiicheka kama mambo ya vibarazani. Mimi naiona ina akili ndani yake, maana inajua kwamba neno lililotoka uwanjani halirudishwi chumbani. Aliyemchafua mtu mbele ya mia na kumwomba radhi faraghani bado ana deni kwa wale mia.

Hata hivyo sijamsamehe Claudio sawasawa. Alipoambiwa Hero amekufa na bado akiamini ana hatia, tunamwona akifanya mzaha na Don Pedro. Mwishoni anakubali kumwoa mpwa wa Leonato asiyemjua, ushungi unafunuliwa, kumbe ni Hero, na Hero anampokea. Shakespeare hakumpa binti maneno ya kutosha pale. Ningetaka nimsikie. Benedick na Beatrice, ambao hadi dakika ile bado wanakana, wanaumbuliwa na mashairi ya mapenzi waliyoandikiana kwa siri, moja likiwa limechomolewa mfukoni mwa Beatrice. Kisha ngoma inapigwa.

Harusi ya kitenge cha njano iliahirishwa. Siku ya nne baada ya picha ile, mwanamke mmoja wa kamati alijitokeza akasema wa kwenye picha ni yeye, mwanamume yule ni mumewe wa ndoa, na kama kuna mtu ana swali amfuate nyumbani. Watu wakaandika alhamdulillah, wakaandika ashukuriwe Bwana, wakahamia kwenye habari za mpira. Nilisimuliwa, kwa sababu mimi sikuwemo. Nikampigia kiongozi wa grupu anirudishe. Nikaandika kwamba kitenge nilikinunua mimi, jora zima, kwamba nilijua tangu dakika ya kwanza, kwamba picha niliituma kwa watu wawili, na kwamba namwomba radhi binti na wazazi wake hapa hapa. Sikujibiwa na mtu kwa muda mrefu. Alama za kusomwa zikaendelea kuongezeka.

Jumapili nikaenda kwao na mke wangu. Nilimkuta binti uani anachambua mchicha kwenye ungo. Akatuamkia, akatuletea viti, akarudi kwenye mchicha wake. Nikaanza kusema niliyoyapanga njiani. Akanisikiliza mpaka nikamaliza, akatoa jani lililoliwa na wadudu akalitupa pembeni, akasema, "Shikamoo yako nimekupa baba, usiwe na wasiwasi. Ila ile siku nilikuwa nahesabu wanaotoka. Wewe ulikuwa wa tisa."

Mke wangu akavuta kigoda, akakaa, akachukua fungu la mchicha akaanza kuchambua. Nami nikakaa.